Bidhaa yako imeondolewa Second Life kwa dai la uongo la hakimiliki: ipi njia ya kufuata?

Barua pepe imeingia kutoka Linden Lab, kampuni inayoendesha dunia pepe ya Second Life. Kiti, gauni au mnyama uliyemuunda kwa mikono yako ameondolewa kwa sababu mtu ametuma notisi ya DMCA, sheria ya Marekani ya hakimiliki mtandaoni, akidai kwamba ni mali yake. Tangazo lako sokoni limefungwa, wateja wanauliza kulikoni, na wewe hukunakili kitu cha mtu. Hapo wengi hukosea kwa kukimbilia huduma kwa wateja na kuanza kuthibitisha kwamba wao ndio wenye mali. Wanaongea na mtu asiyekuwa na mamlaka ya kuamua.

Sheria inayotawala jambo hili ni ya Marekani, DMCA ya mwaka 1998, kifungu cha 512. Inaikinga kampuni ya jukwaa dhidi ya kushtakiwa kwa makosa ya watumiaji wake, kwa sharti kwamba ikipokea notisi iliyokamilika inakiondoa kitu hicho haraka. Kwa hiyo Linden Lab haiketi kama hakimu kupima nani mkweli. Inaangalia kama notisi ina saini, imetaja kazi inayodaiwa kunakiliwa, imeonyesha kitu kilipo, ina mawasiliano ya mlalamikaji na kauli zake mbili za lazima (tutazifikia kwenye viapo). Ikiwa imetimia, kitu kinaondoka. Roblox na VRChat, zenye dunia pepe zao, nazo ni kampuni za Marekani zinazofuata kifungu hichohicho, kwa hiyo mengi ya hapa yanakuhusu hata kama duka lako liko huko.

Ukishaelewa hivyo, unabaki na njia tano: kumwomba mlalamikaji aondoe dai lake, kutuma notisi ya kupinga, kwenda Bodi ya Madai ya Hakimiliki (chombo cha Marekani cha madai madogo), kwenda mahakamani, au kunyamaza. Jedwali hili linazipanga kwa mambo yanayouma zaidi.

| Njia | Muda | Gharama | Jina lako halisi linafika kwa mlalamikaji? | Inarudisha bidhaa? |
|---|---|---|---|---|
| Kuomba dai liondolewe | Siku chache, akikubali | Hakuna | Si lazima | Ndiyo, akiandika kuondoa dai |
| Notisi ya kupinga | Siku 10 hadi 14 za kazi | Hakuna | Ndiyo | Ndiyo, asipofungua kesi |
| Bodi ya Madai ya Hakimiliki | Miezi | Dola 100 | Ndiyo | Si kazi yake. Ni ya fidia |
| Mahakama ya Shirikisho | Miezi hadi miaka | Dola 405 za kufungua, pamoja na wakili | Ndiyo | Inaweza, kwa amri |
| Kunyamaza | – | Hakuna, ila dai linabaki kwenye akaunti | Hapana | Hapana |

Kabla ya kuchagua, isome barua uliyotumiwa mpaka mwisho na uhakikishe inazungumzia hakimiliki. Dai likiwa la alama ya biashara, mathalani jina la kampuni au nembo kwenye fulana, kifungu cha 512 hakihusiki na haki ya kutuma notisi ya kupinga haipo. Wengi wamepoteza wiki mbili wakijaza fomu isiyokuwa yao.

Nani amekulalamikia, na kwa nini

Uchaguzi wa njia unategemea aina ya mlalamikaji kuliko kitu kingine chochote.

Dai la uongo lililo la kawaida kabisa katika Second Life halitokani na ubaya. Maduka mawili yamenunua kifurushi kilekile cha meshi, yaani maumbo ya 3D yaliyo tayari, chenye ruhusa zote za kunakili, kurekebisha na kuuza, kila moja limekipaka rangi zake na kukiuza. Mmoja anapita dukani kwa mwenzake, anaona kiti chake, damu inamchemka, anatuma notisi. Hili unaweza kulikagua kwa dakika tano: chukua kitu chako, fungua dirisha la kuhariri, na kwenye kichupo cha kwanza soma jina la muundaji. Kama kitu kimeunganishwa kwa vipande vingi, usiishie kwenye jina linalotokea kwanza, kwa sababu hilo ni la kipande kikuu tu. Ruhusu kuhariri vipande vilivyounganishwa kisha ubofye kimoja kimoja. Ukikuta mwili wa kiti una jina la muuza vifurushi, na kiti cha mlalamikaji kina jina hilohilo, umeshapata jibu la ugomvi wote.

Ila jina la muundaji lisikulevye. Katika Second Life muundaji ni yule aliyepakia. Mwaka 2006, programu iliyoitwa CopyBot ilipoenea, watu waliona wazi kwamba kitu kinaweza kunakiliwa na kupakiwa upya kikabeba jina la mwizi. Jina linasaidia kuonyesha chanzo kimoja. Peke yake halithibitishi mali ni ya nani.

Aina ya pili ni mshindani anayedhani amemiliki wazo. Ameuza farasi pepe wanaozaliana, wewe umeleta mbuzi wanaozaliana, naye anaona umemwibia. Sheria ya Marekani inasema wazi kwamba hakimiliki haifuniki wazo, utaratibu wala mfumo. Inafunika umbo lililotengenezwa, skripti iliyoandikwa, picha iliyochorwa. Wa tatu ni mwizi mwenyewe, aliyenakili kitu chako kisha akawahi kukushtaki. Wa nne ni mtu anayetaka pesa au anayetaka kujua wewe ni nani nyuma ya avata, yaani umbo unalotumia ndani ya dunia pepe.

Kuna la tano, na hapa uwe mkweli na nafsi yako: dai linaweza kuwa la kweli ingawa wewe huna hatia. Ulinunua kifurushi kwa nia njema, kumbe aliyekuuzia alikitoa ndani ya gemu la kampuni nyingine. Kama duka la muuzaji limetoweka, au meshi ina vipande vya ajabu visivyohitajika kwa kiti, kama mifupa ya uhuishaji, usisaini chochote chini ya adhabu ya kiapo cha uongo. Acha bidhaa iende.

Notisi ya kupinga

Kwa madai mengi ya uongo hii ndiyo njia ninayoishauri, kwa sababu ndiyo pekee inayoibana kalenda ya mlalamikaji. Jukwaa likishapokea notisi yako ya kupinga iliyokamilika, linampelekea nakala yake. Tangu hapo yeye ndiye mwenye kazi: afungue kesi ya kukuzuia, au kitu kirudishwe si chini ya siku 10 wala zaidi ya siku 14 za kazi. Mtu aliyedanganya jina, au anayejua hana kitu, hafungui kesi.

Mambo yanayotakiwa ni haya, na likikosekana moja notisi inarudi au inakaa bila kushughulikiwa:

1. Saini yako. Ya kielektroniki inakubalika, lakini iwe ya jina lako la kisheria. Jina la avata litaje pembeni ili wajue ni akaunti ipi.
2. Kitu kilichoondolewa na mahali kilipokuwa. Andika jina la bidhaa, anwani ya tangazo sokoni, namba yake ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 36 pamoja na vistari, na kama kilikuwa kimewekwa ardhini, jina la eneo na namba tatu za mahali ndani ya eneo hilo la mita 256 kwa 256.
3. Kauli, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba unaamini kwa dhati kitu hicho kimeondolewa kwa makosa au kwa kudhaniwa ni kingine.
4. Jina lako, anwani na namba ya simu.
5. Kukubali mamlaka ya Mahakama ya Shirikisho ya Wilaya ulipo. Anayeishi nje ya Marekani hukubali wilaya yoyote ambamo jukwaa linapatikana. Ongeza kwamba utapokea hati za mashtaka kutoka kwa mlalamikaji au wakala wake.

Namba 5 ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na ndiyo inayomhusu zaidi msomaji wa Mombasa, Dar es Salaam au Muscat. Linden Lab ina makao San Francisco, kwa hiyo unakubali kwamba mlalamikaji akitaka kukushtaki anaweza kufanya hivyo California kaskazini. Si jambo la kusaini ukiwa umekasirika. Lakini usilikuze kupita kiasi pia: kukubali mamlaka ya mahakama si kukiri kosa, na mtu wa kweli mwenye kesi ya kweli angeweza kukutafuta kwa njia nyingine.

Angalia pia tofauti ya viapo. Mlalamikaji, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, anathibitisha jambo moja tu: kwamba ana mamlaka ya kusema kwa niaba ya mwenye haki. Kuhusu kunakiliwa kwenyewe anatakiwa kuwa na imani ya dhati tu. Wewe kiapo chako kinagusa kiini cha jambo. Mizani haiko sawa, na ni vizuri uijue kabla ya kusaini.

Sasa makosa. La kwanza ni kuandika hadithi ndefu. Fomu haiulizi historia ya urafiki wenu uliovunjika, na kila sentensi ya ziada ni kitu ambacho wakili wake atakisoma. La pili, na linaniuma kila nikilifikiria, ni kuambatisha faili za kazi. Mtu anataka kuthibitisha usafi wake, anatuma faili nzima ya Blender (programu ya kuunda maumbo ya 3D) na picha zenye tabaka zote. Notisi hiyo inapelekwa kwa mlalamikaji pamoja na viambatisho vyake. Kama ni mwizi, umemkabidhi shamba pamoja na hati yake. Sheria haitaki ushahidi katika notisi ya kupinga. Ushahidi ubaki kwako mpaka mahakama iuombe. Ukiona lazima uonyeshe kitu, picha moja ya skrini yenye tarehe ya faili inatosha.

La tatu ni kuituma kwa huduma kwa wateja badala ya wakala wa hakimiliki aliyeteuliwa na jukwaa. Kila jukwaa linalotaka kinga ya kifungu cha 512 lazima lisajili wakala huyo katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani, na orodha yake iko wazi mtandaoni. La nne ni kuhesabu siku vibaya. Siku za kazi ni za Marekani: Jumamosi na Jumapili hazimo, wala sikukuu zao kama tarehe 4 Julai au Alhamisi ya nne ya Novemba. Sikukuu za kwetu hazibadilishi kitu.

Chukua mfano wa Desemba 2025. Tarehe 1 ilikuwa Jumatatu. Notisi ya kupinga iliyopokelewa siku hiyo ingeruhusu kitu kurudi kuanzia Jumatatu tarehe 15, na mwisho Ijumaa tarehe 19. Mwenye duka la mapambo ya Krismasi angebaki na siku chache za mauzo. Aliyekaa wiki mbili akibishana na huduma kwa wateja kabla ya kutuma angepata bidhaa zake msimu umekwisha. Mshindani mwenye nia mbaya analijua hili, ndiyo maana notisi ya hila inaweza kutumwa wiki mbili au tatu kabla ya msimu.

Kumwomba aondoe dai

Sheria haikuweka utaratibu wa hili, lakini majukwaa hukubali mlalamikaji akiandika mwenyewe kwamba anaondoa dai. Kwa wale wawili wa kifurushi kimoja cha meshi, hakuna njia bora zaidi. Inaweza kwisha kwa siku mbili, hakuna anayesaini kiapo, na unaweza kuandika kwa jina la avata bila kufichua lako.

Andika barua fupi. Mstari wa kwanza utaje namba ya notisi na bidhaa. Wa pili useme meshi hiyo imetoka kwenye kifurushi gani, cha muuzaji gani, ulikinunua tarehe gani, na uambatishe picha ya risiti ya muamala. Wa tatu umwombe atume uthibitisho wa kuondoa dai, akitumia barua pepe ileile aliyotumia kwenye notisi, kwa wakala yuleyule, akiitaja bidhaa kwa jina. Akitumia anwani nyingine, jukwaa huenda likashindwa kumtambua na ombi likakaa. Wa nne umpe tarehe: siku tatu za kazi zinatosha.

Usiombe radhi kwa kitu ambacho hukukifanya, maana maneno hayo yatasomwa kama kukiri. Usitishe kesi usiyokuwa na uwezo wa kuifungua. Na akijibu kwamba ataondoa dai ukimlipa, au ukimpa asilimia ya mauzo, mazungumzo yameisha. Hifadhi ujumbe huo vizuri, kwa sababu ni ushahidi mzuri kuliko wowote kwamba alijua anadanganya.

Hapa ndipo njia hizi mbili zinapoachana. Kwa mtu aliyekosea kwa nia njema, anza na barua. Kwa mshindani anayedhani amemiliki wazo, barua mara nyingi huishia kwenye mabishano ya kurasa kumi, na siku zinakwenda. Mwandikie mara moja, lakini notisi ya kupinga iwe tayari imejazwa, na siku ya nne itume. Kwa mwizi au mlaghai, barua haina maana yoyote. Kuandikiana naye hakukuzuii kutuma notisi ya kupinga baadaye, lakini kila siku ya kusubiri ni siku ya mauzo iliyopotea.

Kuna hali moja inayonifanya nisite kushauri notisi ya kupinga. Baadhi ya madai ya uongo hayatafuti bidhaa kabisa. Yanatafuta jina na makazi ya mtu. Katika dunia pepe watu wengi wanaishi kwa majina ya avata kwa sababu za msingi: mwanamke aliyekimbia mume mkorofi, kijana ambaye ndugu zake wasingekubali anachokiunda. Notisi ya kupinga inampa mlalamikaji jina, anwani na simu. Sheria inasema anwani, haikusema ya nyumbani, na kwetu ambako barua hupitia sanduku la posta jambo hili ni jepesi kidogo kuliko kwa wenzetu: S.L.P. ya ofisi au ya wakili ni anwani halali ya mawasiliano, ingawa jukwaa linaweza kuomba zaidi. Kwa simu, namba iliyosajiliwa kwa biashara ni bora kuliko ile ya mkononi unayotumia kutumia pesa, kwa sababu hiyo humwonyesha jina lako kila anayejaribu kukutumia shilingi. Kama hata hivyo hujiamini, wakili akutumie notisi hiyo. Na kama hofu ni ya usalama wa mwili, acha bidhaa moja iende. Hakuna gauni la avata linalofikia thamani hiyo.

Mahakama, kwa farasi walioogopewa kufa njaa

Kesi inayofundisha zaidi kuhusu Second Life ni ya Amaretto dhidi ya Ozimals, wauzaji wawili wa wanyama pepe. Ozimals waliuza sungura wanaozaliana. Amaretto walileta farasi. Wanyama hawa hula chakula kinachonunuliwa, na wasipokula hudhoofika. Mwaka 2010 Ozimals waliipelekea Linden Lab notisi wakidai farasi hao wamenakiliwa kutoka kwa sungura wao. Amaretto hawakusubiri kuondolewa kisha wahesabu siku 10 za kazi. Walikimbilia Mahakama ya Shirikisho ya California Kaskazini Desemba hiyohiyo, wakaeleza kwamba chakula kikiondolewa sokoni farasi wa wateja wao watakufa njaa na biashara haitainuka tena, wakapata amri ya muda ya kuzuia kuondolewa kwa bidhaa.

Hilo notisi ya kupinga haiwezi kulifanya. Yenyewe huja baada ya kitu kuondolewa. Kwa hiyo kama bidhaa yako inategemea huduma ya kila siku, kama chakula cha wanyama, mchezo unaoendelea au mfumo wa kukodisha ardhi, na umepata fununu ya notisi kabla haijatekelezwa, mahakama ina nafasi ambayo njia nyingine hazina.

Kesi hiyohiyo inaonyesha upande mwingine. Amaretto walidai pia fidia chini ya kifungu cha 512(f), kinachomwajibisha anayedanganya kwa kujua katika notisi. Mwaka 2011 mahakama ilitupa dai hilo, kwa kuwa Linden Lab haikuwa imeondoa kitu. Bila kuondolewa, kifungu hakifanyi kazi. Waliowahi kuzuia madhara wakakosa njia ya kulipwa kwa uongo uliotendeka.

Hata kitu kikiwa kimeondolewa, kushinda chini ya 512(f) ni kazi. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, inayohusu pia California, ilisema mwaka 2004, katika kesi ya Rossi, kwamba kinachopimwa ni imani ya mlalamikaji mwenyewe, hata kama imani hiyo haina busara. Lazima uonyeshe alijua. Kesi ya Lenz dhidi ya kampuni ya muziki ya Universal ilihusu video ya sekunde 29 iliyoondolewa mwaka 2007. Ilimalizika kwa makubaliano mwaka 2018. Zipo zilizozaa matunda: Diebold, kampuni ya mashine za kupigia kura, ililipa dola 125,000 mwaka 2004 baada ya mahakama kuona ilijua barua pepe ilizotaka ziondolewe zilikuwa na sehemu zisizolindwa, na mwaka 2015 Automattic, kampuni ya WordPress.com, ilipewa takriban dola 25,000, lakini mdaiwa hakufika mahakamani kabisa. Yule mlalamikaji aliyekuandikia akitaka asilimia ya mauzo ndiye anayefaa kupelekwa huko. Wa kifurushi kimoja cha meshi hafai, hata ukiwa na hasira kiasi gani.

Bodi ya Madai ya Hakimiliki

Bodi hii iko chini ya Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani na ilianza kupokea madai Juni 2022. Inasikiliza madai ya kudanganya katika notisi, kila kitu kinafanyika mtandaoni, wakili si lazima. Ada ni dola 100: 40 unapofungua, 60 dai linapoanza kusikilizwa. Kiwango cha juu cha fidia kwa shauri zima ni dola 30,000. Kwa mwenye duka dogo inavutia sana kuliko mahakama.

Udhaifu wake ni kwamba mdaiwa ana siku 60 tangu akabidhiwe hati za kusema hataki, na akisema hivyo shauri limeisha. Mlaghai atakataa. Anayebaki ni mshindani mwenye duka na jina lake, anayeona aibu kukimbia. Wala bodi haipokei madai dhidi ya mtu anayeishi nje ya Marekani. Wewe uliye Nairobi unaweza kumpeleka mtu wa Texas. Yeye hawezi kukupeleka wewe.

Hili lina faida ambayo wachache wameiona. Tangu bodi ianze, mlalamikaji anaweza kufungua shauri huko ndani ya zile siku baada ya notisi ya kupinga, akaliarifu jukwaa, na hilo likahesabika kama kesi inayozuia bidhaa kurudishwa. Kwa dola 40 anaweza kuichelewesha bidhaa ya Mmarekani mwenzake. Dhidi ya muundaji aliye Tanzania, Kenya au Oman mlango huo umefungwa. Anabaki na Mahakama ya Shirikisho yenye ada ya dola 405 na wakili wa kumlipa. Kule kukubali mamlaka ya California kunakotutisha kuna upande wake wa pili: gharama ya kuizuia bidhaa yako ni kubwa zaidi kuliko ya kuizuia ya jirani yako wa Chicago.

Cheti cha KECOBO au cha COSOTA, ofisi za hakimiliki za Kenya na Tanzania, kama unacho, kinasaidia kama ushahidi wa tarehe. Si sharti. Kenya imo katika Mkataba wa Berne, wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1993 na Tanzania tangu 1994, kwa hiyo haki yako inatambuliwa Marekani bila kusajiliwa popote. Na usichanganye utaratibu huu na ule wa Kenya wa mwaka 2019, ambao una notisi zake na adhabu zake kwa wanaodanganya; notisi iliyotumwa San Francisco inasimamiwa na sheria ya Marekani.

Kunyamaza

Inafaa kwa bidhaa ya zamani isiyouzika, kwa meshi yenye asili ya mashaka, na kwa mwenye sababu ya kujificha. Gharama yake haionekani leo. Kifungu cha 512 kinalitaka jukwaa liwe na sera ya kufunga akaunti za wanaorudia makosa, na dai ambalo halikupingwa linabaki kama kosa. La pili na la tatu yakifika, unaweza kupoteza akaunti pamoja na kila kilichomo: vitu ulivyonunua kwa miaka, salio la dola za Linden (sarafu ya Second Life), ardhi. Mlalamikaji mmoja mwenye kinyongo anaweza kutuma madai manne kwa bidhaa nne. Kwa hiyo kama unanyamaza, nyamaza mara moja tu.

Usikipakie tena kitu kilekile kwa jina jipya wakati dai halijaisha. Hapo hata aliyekuwa na haki anageuka mkosaji wa kurudia, na notisi ya kupinga iliyotumwa baadaye inasomwa na watu waliokwisha kumshuku.

Njia yoyote utakayochagua, siku ya barua ile pakua historia ya miamala yako, kwa kuwa jukwaa halikuwekei milele, na uihifadhi pamoja na leseni ya kila kifurushi kama ilivyoandikwa siku uliponunua. Faili za kazi zinakili bila kuzifungua na kuzihifadhi upya, maana ukizihifadhi tarehe ya mwisho ya mabadiliko inakuwa ya leo. Wateja waambie bidhaa imesimamishwa kwa muda na utawajulisha. Usimwite mlalamikaji mwizi hadharani, hata ukiwa na uhakika. Bidhaa ikirudi, usidhani kila nakala itasimama pale iliposimama: kagua tangazo la sokoni, kagua kifaa cha kuuzia kilicho dukani, nunua nakala moja kwa akaunti nyingine uone inafika, kisha mwandikie wakala wa jukwaa akuthibitishie kwa maandishi kwamba dai limefutwa kwenye akaunti yako.